Kilemba Hakivaliwi Miguuni

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi mbele ya wachapaji, wachoraji wa mabango na wanafunzi wa ubunifu hapa Nairobi. Mvua iliwazuia wengi, ndiyo maana naiweka yote hapa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale, na mizaha pia.

Wazee wetu wa mashine, mafundi wa rangi na brashi, vijana wa laptopu, hamjambo? Nyinyi mlioketi nyuma karibu na birika la chai, nawaona.

Nianze na swali. Nani hapa hakuwahi kuandikiwa na mwalimu, kwa kalamu nyekundu, "Boresha hati yako"? Inua mkono. Hata mmoja? Nilijua. Mimi darasa la nne nilikuwa na mwalimu wa Kiswahili aliyetembea kati ya madawati na rula ya mbao. Siku moja alisimama juu ya daftari langu akasema, "Mtoto wangu, hati yako imelewa. Mbona herufi zinatafuta ukuta wa kuegemea?" Darasa zima likacheka. Mimi nikacheka pia, na hapo ndipo rula iliponifikia.

Sikilizeni lile neno. Hakusema mwandiko, alisema hati. Neno hilo tumelipata kwa Kiarabu, khatt, na kwetu likabeba mizigo miwili. Hati ni namna mkono wako unavyoandika, na hati ni karatasi yenye uzito: hati ya shamba, hati ya kiapo. Sura ya herufi na heshima ya karatasi tumezipa jina moja. Kwa hiyo mteja anapoingia dukani kwangu pale Kirinyaga Road akasema, "Mama, niwekee ile fonti ya harusi, ile ya mikia," simcheki. Anachotafuta ni heshima. Kazi yangu ni kuhakikisha anaipata, asirudi nyumbani na mikia mitupu.

Fonti hizo kwenye biashara tunaziita skripti. Mimi leo nitaziita hati ya mapambo. Ni zile zilizoinama upande wa kulia, zenye vitanzi juu na mikia chini, herufi zimeshikana mikono, mstari unanenepa na kukonda kana kwamba mtu ameandika kwa nibu na wino.

Nina jambo moja tu kuhusu hati hii, na nitalisema mapema ili wale wa chai wasiteseke. Hati ya mapambo ni kilemba. Kilemba ni cha kichwani. Ukimzungushia mtu kilemba kuanzia kichwani mpaka miguuni, bado utasema umempamba? Umemvika sanda!

Na wala si hekima yangu. Waandishi wa khati za Kiarabu waliijua karne nyingi zilizopita. Wana mwandiko unaoitwa thuluthi, mrefu, wenye mikunjo, unaopanda juu ya milango na kuta za misikiti. Wana mwingine, naskhi, wa duara na mtulivu, ambao ndio umenakili misahafu kurasa kwa kurasa. Huku kwetu, Siyu, kisiwa cha Pate, walikuwako mafundi walionakili Kurani kwa mkono na kuipamba kwa wino mweusi na mwekundu. Niliwahi kwenda Lamu kwa shughuli za familia, nikaketi barazani na mzee mmoja ambaye watu humwendea awaandikie kombe. Kwa wasiojua: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, maandishi yakaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa. Nikamuuliza yule mzee, mwandiko upi ni mzuri zaidi kati ya ule wa juu ya mlango na ule wa msahafu? Akanitazama kama aliyeulizwa mlango na godoro kipi bora. Akasema, "Inategemea unataka kuingia au unataka kulala."

Nimekuwa nikilirudia jibu hilo kwa wateja kwa miaka. Wengine hulielewa. Wengine huuliza bei ya godoro.

Sasa tuingie jikoni. Hati hizi zimetoka kwenye kalamu, na kalamu ni za namna mbili. Ukizijua hizo mbili, nusu ya makosa yako yamekwisha.

Ya kwanza ina ncha bapa, kama patasi ndogo. Huibonyezi. Unaishika kwa pembe ile ile, na unene unatokana na upande unaoelekea: ukienda huku mstari ni mnene, ukienda kule ni mwembamba. Mwandiko wa makarani wa Italia ulizaliwa kwa kalamu hiyo, na mwaka wa 1522 Ludovico degli Arrighi alichapisha Roma kijitabu cha kuufundisha. Ya pili ina ncha kali inayopanuka. Ukishuka unabonyeza, wino unajaa. Ukipanda unaachilia, unabaki na uzi mwembamba kama unywele. Huo ndio mwandiko wa Waingereza wa karne ya 18, ambao mchongaji George Bickham wa London aliuchora kwenye mabamba ya shaba ili uchapishwe. Umeinama sana, nyuzi 55 hivi kutoka kwenye mstari.

Kwa nini nawachosha na historia? Kwa sababu ya ule unywele! Hati ya ncha bapa ina nyama. Unaweza kuichapa kwenye karatasi ya bei nafuu, ukaishona kwenye sweta, ukaichonga kwenye jiwe, ikasimama. Hati ya ncha kali ina nyuzi ambazo mashine huzimeza. Iweke nyeupe juu ya msingi mweusi, wino unafura pembeni, unywele unapotea, na herufi inabaki vipande vipande. Foili ya dhahabu nayo ndiyo kabisa. Nani hapa hajawahi kutoa kadi ya dhahabu ambayo jina la bwana harusi limebaki vijiti vitatu na nukta? Mnacheka kwa sababu mnajijua.

Sasa niwape kisa cha mtu mmoja, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu nakipenda.

Hermann Zapf alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Nürnberg, 1918. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta kijana, jeshi likamweka kuchora ramani. Mwaka wa 1944, katikati ya moto ule wote, aliandika kwenye daftari lake alfabeti ya mapambo. Fikirini: nje dunia inaungua, na kijana anahangaikia mkia wa herufi g. Baada ya vita walijaribu kuigeuza hati ile kuwa herufi za risasi za kupangia matbaani. Wazee wetu hapa mnazijua herufi za risasi. Kila moja ina kitalu chake, mraba, na jirani yake ana kitalu chake. Sasa mkia unaotaka kupita chini ya herufi tatu utapita wapi? Ukiuacha ununing'inie nje ya kitalu, unavunjika. Chuma kikakataa, mikia ikakatwa, na hati aliyoitaka haikutoka.

Alingoja. Alitengeneza fonti nyingine kubwa, Palatino, Optima, mnazitumia kila siku. Hatimaye kompyuta zikafika mahali ambapo herufi haina tena kitalu, na mwaka wa 1998, akikaribia miaka 80, kampuni ya Linotype ikatoa Zapfino. Miaka 54! Wenye kompyuta za Apple mnayo, ilikuja nayo.

Na ni nini alichokingojea hasa? Tofauti. Mkono wa mtu hauandiki herufi moja mara mbili kwa sura moja. Andika "baba" kwa kalamu, zile b mbili ni ndugu, si pacha. Zapf alitaka kila herufi iwe na sura kadhaa, ili mpangaji achague inayofaa kwa jirani yake. Kwa hiyo fonti ya namna hii huiandiki tu ukaondoka. Unafungua lile dirisha la maumbo mbadala, unatafuta d ya mwanzo, d ya katikati, d ya mwisho.

Lakini! Nilikuwa na kijana dukani, mwerevu sana, siku alipogundua dirisha hilo aliwasha mikia yote. Kila herufi ilikuwa na mkia. Mwaliko ukafanana na sahani ya tambi. Nikamwuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Akasema, "Mambo yote ni mazuri, Mama, ndiyo maana." Kwa neno moja, mkia mmoja, ukizidi sana miwili. Na mikia miwili isikutane njiani.

Hapa kuna jambo ambalo fonti za ng'ambo hazikwambii. Picha ya kuuzia fonti huandikwa kwa Kiingereza, na herufi za Kiingereza zina marefu mengi: l mbili, t mbili, h, d. Marefu hayo ndiyo yanayotoa vitanzi. Kiswahili je? Andika neno "umuhimu" kwa hati ya ncha kali. Andika sasa hivi kwenye daftari lako. Unaona nini? u, m, u, kisha h peke yake imesimama kama mlinzi, kisha i, m, u. Vijiti vya kuni vilivyopangwa! Andika "mwenyewe". Andika "mnunuzi". Zaidi ya hapo maneno yetu mengi yanaishia kwa irabu, kwa hiyo ukiwasha mkia wa mwisho wa neno, "karibuni kwenye harusi ya watoto wetu wapendwa" inakuwa mikia saba mfululizo. Kwa hiyo usinunue fonti kwa jina la Kiingereza lililo kwenye picha. Ijaribu kwa "mwenyewe". Ijaribu kwa "Ng'ang'a", uone ile apostrofi itaangukia wapi. Ijaribu kwa Akinyi na Wafula na Chebet. Ikifaulu hapo, lipa. Na lipieni jamani. Nyingi mnazozipakua zimeandikwa bure kwa matumizi ya binafsi, na kadi ya mteja si matumizi ya binafsi.

Basi hati hii iende wapi?

Tazameni chupa iliyo mbele yenu mezani. Kinywaji hicho, Coca-Cola, kilianza Atlanta, Marekani, 1886. Mtunza hesabu wa kampuni, Frank Robinson, ndiye aliyekitungia jina, kisha akaliandika kwa mwandiko ambao makarani wa Marekani walifundishwa wakati ule, ule wa mwalimu wa mwandiko Platt Rogers Spencer. Maneno mawili. Leo nenda duka lolote kutoka hapa hadi Garissa, ukuta umepakwa rangi nyekundu, na mtoto ambaye hajaanza shule anakusomea. Hasomi herufi, anatambua sura. Hati ya mapambo ikiandika maneno mawili matatu, jicho huyachukua kama sura ya mtu. Ukiipa maneno 40 ni kama umemwambia mtu atambue sura 40 kwenye giza la soko la Muthurwa.

Kwa hiyo majina ya maharusi: naam. Neno "Cheti" juu ya cheti: naam. "Hongera" juu ya keki, jina la saluni, jina la manukato, herufi mbili za mwanzo kwenye leso: naam. Saa, mahali, ramani, orodha ya kamati, mstari wa kuthibitisha kuhudhuria: hapana. Hivyo vipe fonti ya wazi, isiyo na mbwembwe, na iwe ndogo kwa kiasi ili kilemba kionekane.

Nanyi watu wa Nairobi mnalijua hili bila kufundishwa. Matatu zetu zina michoro ambayo watalii huipiga picha, ubavuni kuna kila aina ya herufi, nyingine hata mwenye gari hawezi kuzisoma. Lakini kile kibao cha kioo cha mbele? 125, 126, Rongai. Herufi nene, wima, wazi. Nani amewahi kuona "Rongai" imeandikwa kwa hati ya harusi? Abiria angeishia Kikuyu.

Hata kanga. Kanga ni nguo ya mapenzi na mafumbo, ingestahili mikunjo kuliko kitu chochote. Lakini jina la kanga limeandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kwa sababu jirani anatakiwa alisome mwenye nguo akiwa anapita, tena kwa haraka, kabla hajageuka.

Sasa nijitubie. Miaka ya mwanzo, nilipata kazi ya kadi za mchango wa harusi, kadi 300. Mteja alitaka kila kitu kiwe cha kupendeza, nami nilitaka kumpendeza, nikaweka kila kitu kwa hati ya mapambo, mpaka namba ya simu ya mweka hazina. Kwenye fonti ile, 1 ilikuwa na kofia na kiuno. Ilikuwa 7, kwa kusema kweli. Kadi zikasambazwa. Siku ya tatu mama wa bibi harusi akanipigia: michango haiingii, na kuna fundi wa magari huko Kitui anapigiwa simu usiku na mchana na watu wasiomjua wakimpongeza kwa kuoza binti. Yule fundi, Mungu ambariki, hakuwa hata na watoto. Nilizichapa upya zote 300 kwa gharama yangu, na nikampigia fundi kumwomba radhi. Akaniuliza kama bado amealikwa.

Tangu siku hiyo, dukani kwangu namba haivai kilemba. Awe mteja ni nani, alipe kiasi gani. Namba ya simu, tarehe, namba ya benki, kipimo cha dawa: herufi wazi.

Makosa mengine nitayapitia mbio kwa sababu chai inapoa. Usiandike neno zima kwa herufi kubwa za skripti. Kila herufi kubwa ilibuniwa iwe bwana wa msafara. Ukiweka mabwana saba kwenye msafara mmoja hakuna anayemfuata mwenzake, na mara nyingi hata hazishikani mikono. Usitenganishe herufi kwa nafasi, utazikata viungo. Usiivute fonti kwa upana ili ijaze bango: ule unene na wembamba ulipimwa, ukiuvuta herufi inapata tumbo. Na usidanganywe na namba ya saizi. Herufi ndogo za hati hii ni fupi mno kwa vile nafasi imeliwa na mikia, kwa hiyo pointi 12 zake zinaonekana kama 8 za fonti ya kawaida. Mialiko mingi siku hizi ni picha ya kutumwa kwa simu. Ifungue kwenye simu ya bei ndogo, mkono ukiwa umenyooka. Huoni? Shangazi wa mteja hataona pia.

Namalizia na kazi ambayo siisahau.

Ilikuwa Alhamisi jioni, tunafunga. Familia ikaingia, wanne, na mzee wao. Programu ya mazishi ya mama yao, maziko Jumamosi. Walitaka jina lake kwenye jalada kwa hati ya mapambo, na ni haki yake. Nani anastahili kilemba kuliko mama? Jina la katikati lilikuwa Mũthoni. Wakikuyu na Wakamba mlioko hapa mnajua pale pana ũ yenye kiwimbi juu, na kwamba ũ na u ni sauti mbili tofauti. Nikaandika. Fonti haikuwa na herufi hiyo. Kompyuta ikaenda kukopa ũ kwenye fonti nyingine, na kwenye lile jina lote lililoinama na kushikana, ikasimama herufi moja wima, imekatwa na wenzake, kama mgeni aliyeingia msibani kwa kukosea nyumba.

Vijana wakasema, "Weka tu u ya kawaida, Mama, watu wataelewa." Walikuwa wamechoka, tusiwalaumu. Nikamtazama mzee. Hakusema kitu kuhusu fonti, sidhani alijua fonti ni nini. Aliinama karibu na kioo cha kompyuta, akalitaja lile jina polepole kama lilivyoandikwa, bila kiwimbi. Likatoka jina ambalo halikuwa la mtu yeyote. Akatikisa kichwa.

Nikazima mashine. Droo ya chini nilikuwa na nibu ya ncha bapa na kichupa cha wino ambacho sikuwa nimekigusa kwa miezi. Nikaandika Mũthoni kwa mkono wangu, karatasi ya kwanza, ya pili, ya nane. Hati yangu bado ilikuwa inatafuta ukuta. Ya kumi na moja mzee akasema, "Hiyo." Tukaiskani, tukaiweka kwenye jalada, na kwa majina mengine mawili nikaandika vivyo hivyo ili yote yatoke mkono mmoja. Tulitoka dukani karibu saa tano usiku. Mzee aliomba ile karatasi ya asili, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni ndani ya koti.

Sasa, kalamu ziko kwenye meza ile ya dirishani. Ncha bapa upande wa kushoto, ncha kali upande wa kulia. Kila mtu aandike jina la mama yake, lote, na viwimbi vyake na apostrofi zake. Wino huo hautoki kwenye nguo, kwa hiyo waliovaa mashati meupe wanywe chai kwanza.